Mteja amesevu namba ya nani?

Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 2023, na hasa tangu Tume yake izinduliwe Aprili 2024, ofisi nyingi hapa Tanzania zimekuwa na shughuli ya aina moja. Mwanasheria anaandika sera ya faragha, mtu wa TEHAMA anaongezewa cheo cha afisa ulinzi wa taarifa, fomu za usajili zinajazwa, cheti kinatundikwa ukutani jirani na leseni ya biashara. Mazungumzo yote, vikaoni na kwenye semina za hotelini, yanahusu seva, wadukuzi, na kama data ikae ndani ya nchi au nje. Huwa najiuliza kama wahudhuriaji wa semina hizo wamewahi kusimama nusu saa nyuma ya kaunta za kampuni zao wenyewe. Huko taarifa za mteja haziko kwenye seva yoyote. Ziko kwenye Tecno ya dada wa mauzo, yenye kioo kilichopasuka, zimelala kitanda kimoja na picha za mwanawe, jumbe za kikoba, na vitambulisho vya wateja walivyovipiga picha na kumtumia ili awafungulie akaunti.

Hoja yangu ni kwamba kampuni nyingi zinazosema bado zinaandaa mkakati wa simu, yaani namna ya kuhudumia wateja kwa simu, zinao tayari, tena miaka mingi. Uliandikwa na wafanyakazi wa chini, bila kikao wala posho, kwa bando lao wenyewe, na unafanya kazi vizuri mpaka siku mmoja wao anapoondoka. Kwa hiyo swali linaloulizwa kwenye bodi, kwamba tununue mfumo gani, linakuja kabla ya wakati wake. La kwanza ni namba ambayo mteja ameisevu: ni ya nani, na nani anailipia?

Tulifikaje hapa? Kwa wenzetu wa nchi tajiri simu ya kazi ilianzia ofisini. Miaka ya 2000 benki na kampuni kubwa za Marekani na Ulaya ziligawa BlackBerry kwa maofisa wao. Simu ilikuwa mali ya mwajiri, laini ya mwajiri, na fundi wa ofisi aliweza kuifuta yote akiwa mbali endapo imeibwa. iPhone ilipotoka mwaka 2007, watu wakaanza kuja kazini na simu nzuri kuliko walizopewa, na idara za TEHAMA zikatumia miaka mingi kuwakimbiza kwa kanuni na programu za usimamizi. Kwao kulikuwa na tenki lililojaa, likaanza kuvuja, wakaziba. Kwetu tenki halikuwahi kujengwa. Simu ilitoka nyumbani. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, kisha WhatsApp ikaja ikakuta watu wameshazoea kwamba simu ndiyo benki na ndiyo posta. Mwajiri aliyekuwa akijiuliza kama amnunulie kila mtu wa mauzo kompyuta akagundua kwamba kila mtu wa mauzo ana kifaa mfukoni. Akamshukuru Mungu, akaendelea na mambo mengine. Hakununua simu za mezani, hakufunga mtambo wa kupokea simu, hakuajiri mtu wa kuunganisha wapigaji. Aliokoa fedha nyingi, na wala simlaumu. Ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo.

Kisha ikaja habari ya alama za vidole. Kuanzia Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, na kila namba ikafungwa kwenye kitambulisho cha NIDA cha mtu fulani. Wengi wetu tulilichukua kama jambo la usalama na foleni ndefu, tukalisahau. Kwa biashara lilikuwa zito kuliko hivyo. Ile namba iliyochapwa kwenye bango la nje, kwenye kadi za biashara na ubavuni mwa kirikuu kinachopeleka mizigo, sasa ni ya binti wa mapokezi kwa ushahidi wa kidole chake. Tajiri hawezi kuingia duka la mtandao na kusema "laini yangu imepotea, nirudishieni", kwa sababu si yake. Kampuni inaweza kusajili laini kwa jina lake, kwa cheti cha usajili na TIN. Ni usumbufu wa siku moja, haufiki hata usumbufu wa leseni. Wengi hawakujisumbua kwa sababu namba ya kutumia ilikuwapo na ilikuwa inaita.

Niliwahi kununua marumaru za bafuni kwenye duka moja kubwa la vifaa vya ujenzi. Kijana aliyenihudumia alikuwa hodari. Alinitumia picha, akanitafutia rangi iliyokuwa imeadimika, akanikumbusha gundi niliyoisahau. Miezi kadhaa baadaye nilimwandikia kwenye namba ileile kuuliza kama zile za kijivu bado zipo. "Zipo kaka," akajibu, "ila siku hizi niko duka jingine, na huku bei imepoa." Nikaenda huko. Sikujiona nimemhama mtu, maana kwangu duka lilikuwa ni yeye. Tajiri wa duka la kwanza, aliyelipa pango la barabarani, tangazo la redioni na mshahara wa kijana yule, hakujua kwamba nimewahi kuwa mteja wake, sembuse kwamba nimeondoka.

Sasa twende kibandani kwa wakala wa pesa, ambako nimejifunza zaidi kuliko kwenye semina yoyote. Utakuta simu tatu au nne, aghalabu viswaswadu vya batani, zimefungwa pamoja kwa rababendi, kila moja imebandikwa karatasi ya mtandao wake: M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa, na ile iliyokuwa Tigo Pesa kabla kampuni haijajiita Yas mwishoni mwa 2024. Laini zile ni za uwakala, hazipigi stori na mtu. Binti anayekaa pale ana simu yake nyingine, smatifoni, ya kutazamia tamthilia wateja wakipungua, na vitu hivyo viwili havichanganyiki. Jioni anafunga hesabu: floti iliyomo kwenye laini ukijumlisha na keshi ya droo lazima virudi kwenye mtaji wa asubuhi, na pungufu ni juu yake. Akiacha kazi kesho anaondoka na smatifoni yake. Viswaswadu vinabaki kwenye droo, tajiri anabadilisha namba ya siri, anakaa binti mwingine, na mteja hajui kama kuna kilichobadilika. Pale pana karibu kila kitu ambacho washauri huuza kwa slaidi: kifaa cha kazi mbali na kifaa binafsi, laini ya biashara, ruhusa inayoweza kufutwa, ukaguzi wa kila siku, makabidhiano. Na gharama yake ni simu ya bei ya chini kuliko viatu vya meneja.

Sitaki kumfanya wakala kuwa malaika. Daftari lake liko wazi juu ya meza, na kila anayeandika jina, namba na kiasi anasoma majina, namba na kiasi cha waliomtangulia. Wanawake wengi wana kisa cha ujumbe wa "mambo mrembo" uliotoka kwa mtu aliyekuwa nyuma yao kwenye foleni. Kwa hiyo nidhamu ile inalinda fedha, haimlindi mteja. Lakini hilo lenyewe linatufundisha jambo: panapokuwa na fedha ya kuonekana kwa macho, hata biashara ya mtaji wa laki chache hutenganisha namba ya kazi na namba ya mtu bila kusubiri sheria. Tazama Kariakoo. Kulikuwa na wakati ukinunua kitu unaambiwa "tuma kwa namba hii", namba ni ya muuzaji, na jina linalotokea si la duka. Mauzo yakapotelea humo, ugomvi ukawa wa kila jioni, matajiri wakajifunza. Leo Lipa Namba imebandikwa kwenye kaunta na jina la biashara linatokea kabla hujaweka namba ya siri. Hakuna aliyesema ni gharama kubwa wala teknolojia ngumu. Tajiri yuleyule aliyeng'ang'ania malipo yapite kwenye namba yake amewaacha wateja wapite kwenye namba ya mfanyakazi, kana kwamba mteja si fedha.

Kwa nini basi hili halionekani? Sababu mojawapo ni aplikesheni. Kampuni ikitaka kuonekana imeingia zama za kidijitali huzindua aplikesheni, na uzinduzi una keki, fulana na mgeni rasmi. Sipingi aplikesheni kwa benki au usafiri, ambako mtu anaifungua mara nyingi kwa wiki. Lakini mteja wa duka la vipuri au zahanati binafsi, mwenye simu iliyojaa picha za harusi hadi inakataa kusasisha chochote, hatapakua programu ya kutumia mara mbili kwa mwaka. Atamwandikia yule dada kwenye WhatsApp. Aplikesheni itabaki kwenye ripoti ya mwaka, na biashara itaendelea kwenye Tecno.

Zipo hoja za upande wa pili, na baadhi ni za haki. Mwenye kampuni ya watu wanane atasema hana uwezo wa kumnunulia kila mtu simu, na akimnunulia itauzwa, itapotea au itaanguka chooni. Ni kweli, na ndiyo maana nimeanzia kibandani: simu moja ya kaunta, laini moja ya kampuni, si simu nane. Mwingine atasema mteja wa Kitanzania hapendi kuongea na kampuni, anapenda kuongea na mtu, na ukimpa namba baridi inayojibu "karibu, bonyeza moja" atakwenda kwa jirani. Hilo pia ni kweli, na mfano wangu wa marumaru unalithibitisha. Ila ubinadamu ule ulitoka kwa kijana, haukutoka kwenye alama zake za vidole. Angeweza kuwa vilevile, kwa jina lake, kwa picha zake na mzaha wake, akitumia laini ya duka.

Hoja dhaifu kuliko zote, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo ninayoisikia zaidi kwa mameneja, ni kwamba mfanyakazi ana simu yake tayari, bando analinunua hata asipokuwa kazini, kwa hiyo kuitumia kwa kazi hakumgharimu kitu. Mwaka 2014 hoja hii ilipimwa mbali na hapa, katika Mahakama ya Rufani ya California, kwenye shauri la mameneja wa huduma kwa wateja dhidi ya kampuni ya Schwan's. Mahakama ikasema mwajiri anayemtaka mfanyakazi atumie simu yake binafsi kwa kazi lazima amrudishie sehemu inayokubalika ya bili, hata kama kifurushi cha mfanyakazi hakina kikomo na hakuongeza hata senti. Kama si hivyo, mwajiri anapata mtelemko kwa kuhamishia gharama ya biashara yake mfukoni mwa mwingine. Sheria ya California haitufungi, lakini mantiki yake ni nzito zaidi kwetu kuliko kwao, kwa sababu kwetu vifurushi visivyo na kikomo ni vya wachache. Mtu wa mauzo hapa hununua bando la siku, na akituma video tano za kochi kwa mteja asiyenunua, bando limekwisha saa nane mchana. Hapo ana njia mbili: anunue jingine, au awe "hayupo hewani" na aulizwe kesho kwa nini hakujibu. Gharama ipo kila siku. Haionekani kwenye vitabu vya kampuni kwa sababu imekatwa kwenye mboga ya nyumbani kwake.

Muda nao ni gharama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, zisizozidi tisa kwa siku, na saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu. Hakuna aliyewahi kuweka kwenye mahesabu ya ziada ule ujumbe wa saa nne usiku kwenye grupu la kazi, "Wapendwa, naomba ripoti ya leo," unaofuatwa na "Sawa mkuu" kumi na nne, kwa sababu asiyeandika "Sawa mkuu" ataonekana. Ufaransa iliweka tangu Januari 2017 wajibu kwa kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi kujadiliana nao haki ya kuzima mawasiliano ya kazi nje ya saa. Kenya mwaka 2022 Seneta wa Nandi, Samson Cherargei, alipeleka mswada wenye nia hiyo, na chama cha waajiri kikaupinga. Wapo waliouchekea wakisema nchi maskini haiwezi kulala mapema. Nadhani walikosea mahali pa kutazama. Mtu hawezi kuizima kazi iliyomo kwenye simu ileile inayosubiri habari ya mama mgonjwa kijijini. Mwenye kiswaswadu cha kaunta anakiacha kwenye droo na kwenda zake. Mwenye namba moja kwa yote hana saa ya kufunga duka, hata kama sheria itampa.

Wengine husema dawa ni kupiga marufuku: simu binafsi zisionekane kazini, biashara ifanyike kwa barua pepe ya ofisi tu. Wall Street, kwenye kampuni kubwa za fedha za Marekani, walijaribu hilo wakiwa na wanasheria wengi kuliko sisi sote. Kanuni ziliwataka kutunza kumbukumbu za mawasiliano ya biashara, sera zao zilikataza WhatsApp binafsi, na wakubwa waliosaini sera hizo walikuwa wakichati humo humo. Desemba 2021 benki ya JPMorgan ikakubali kulipa faini ya dola milioni 200. Septemba 2022 kampuni nyingine kubwa za fedha zikafuata, jumla dola bilioni 1.8. Kosa halikuwa wizi. Walikosa kumbukumbu za mazungumzo, kwa sababu yalipita kwenye simu ambazo kampuni haikuwa na mkono juu yake. Marufuku isiyo na njia mbadala hufanya watu wafiche, na kinachofichwa hakikaguliki.

Nirudi kwenye sheria yetu, kwa sababu hapa ndipo ukuta wenye cheti unapopata ufa. Sheria inamtambua mkusanyaji wa taarifa, na kwa mteja aliyekuja dukani mkusanyaji ni kampuni, awe ameandikwa kwenye mfumo au kwenye simu ya karani. Sasa fikiria mteja anakuja na kusema, kwa haki yake, nataka mfute picha ya kitambulisho changu. Kampuni inafuta wapi? Inampigia nani? Watu wa mauzo waliopita pale miaka mitatu ni sita, wawili wako kwa mshindani, mmoja aliuza simu yake mtaani Makumbusho, Dar es Salaam, bila kuifuta, na picha zile zinajihifadhi zenyewe mawinguni kwenye akaunti za barua pepe ambazo hakuna anayezijua. Hapo hakuna udukuzi uliofanyika. Hakuna seva iliyovunjwa. Adhabu ambayo kwa kampuni inaweza kufika shilingi bilioni 5 imeandikwa kwa kumfikiria mtu mbaya wa mbali, lakini hatari ya kila siku ni mtu mwema wa karibu aliyebadilisha kazi. Kenya wameshaonja upande mwingine wa jambo hili: Septemba 2023 Kamishna wa Data alimtoza mkopeshaji mmoja wa mtandaoni shilingi 2,975,000 za huko, kwa kutumia majina na namba za watu zilizotoka kwa wengine kuwatumia jumbe za vitisho. Namba ya mtu ni taarifa binafsi, na inapokaa mahali pasipo na mwenyewe, mwisho wake huwa hivyo.

Kuna kosa la kinyume ambalo naliogopa zaidi ya uzembe. Tajiri aliyeshtuliwa na sheria anaweza kuamka asubuhi na kusema, basi leteni simu zenu nikague. Au anafunga kwenye simu ya mfanyakazi programu inayoona alipo hata Jumapili. Hilo likifanyika kwenye simu ambayo mfanyakazi ameinunua kwa mkopo wa kikoba, mwajiri amekuwa mpangaji aliyeingia bila kodi na sasa anadai ufunguo wa chumba cha kulala. Mfanyakazi naye ni mtu mwenye taarifa binafsi mbele ya sheria hiyohiyo. Simu nyingi za Android zina uwezo wa kugawanya upande wa kazi na upande binafsi, na mwajiri akaona upande wake tu. Ni njia nzuri kwa wenye simu zenye nguvu, lakini kwa simu ya kumbukumbu ya 2GB mgawanyo huo huifanya ijikongoje hadi mtu aitupe.

Njia ya katikati ipo, na si ya bei. WhatsApp inaruhusu akaunti moja ikae kwenye simu kuu na vifaa vingine vinne, na tangu Aprili 2023 vifaa hivyo vinaweza kuwa simu pia. Laini ya kampuni ikawekwa kwenye simu inayobaki ofisini, watu wa mauzo wanne wakaunganishwa kwa saa za kazi, na siku mmoja akiondoka anaondolewa kwa kubonyeza mara mbili. Akienda likizo, mwenzake anaona mazungumzo yalipoishia. Mteja haambiwi tena "subiri fulani arudi". Bando linanunuliwa na kampuni na kuandikwa kama mafuta ya gari yanavyoandikwa. Na orodha ya wateja itolewe humo iwekwe pengine, hata kwenye daftari linalofungwa kabatini, maana WhatsApp si mali yetu na njia ya kuifikia si yetu pia. Oktoba 4, 2021 ilizimika dunia nzima kwa takribani saa sita. Mei 12, 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, Afrika Mashariki ikabaki inakodoa macho. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Siku kama hizo mwenye orodha yake alipata pa kuanzia kupiga simu. Mwenye grupu tu alisubiri.

Nimebakiza hoja moja ya upande wa pili, na nimeichelewesha kwa sababu sina jibu lake la haraka. Inatoka kwa wafanyakazi wenyewe. Mtu wa mauzo anayelipwa mshahara mdogo, bila mkataba wa maandishi, ambaye anaweza kuambiwa kesho asije, hana mali nyingine zaidi ya namba zilizomo kwenye simu yake. Wateja wale ndio akiba yake. Ndio wanaomfanya duka jingine limwajiri, ndio wanaomwezesha kufungua chake akichoka kutumwa. Yule kijana wa marumaru hakuiba kitu. Aliondoka na heshima aliyoijenga kwa bando lake na jioni zake. Ukimwambia leo kwamba namba inakuwa ya kampuni, unamtaka akabidhi kitu pekee kinachomfanya asidharauliwe, na unamtaka akikabidhi bure. Atakubali kwa mdomo. Kisha atawaambia wateja wazuri, pembeni, "nisevu na hii nyingine."

Hivyo ndivyo mpango mzuri wa makaratasi unavyofia kaunta, na hakuna programu inayoweza kulizuia hilo. Wakala wa kibandani analizuia kwa sehemu kwa sababu mteja anafuata kibanda, hamfuati binti. Duka la marumaru, wakala wa bima, saluni, dalali wa nyumba, kote ambako mteja hufuata mtu, tajiri anayetaka namba iwe yake itabidi aketi na mfanyakazi na wapatane bei. Inaweza kuwa kamisheni inayoendelea kwa miezi fulani juu ya wateja aliowaleta, hata baada ya kuondoka. Inaweza kuwa mkataba wa maandishi badala ya "tutaona". Inaweza kuwa bando, posho ya simu na saa ya kuzima, vikitajwa kwa tarakimu kwenye barua ya ajira, pale ambapo leo pameandikwa tu kwamba mwombaji "awe na smatifoni". Nimezipitia barua kadhaa za aina hiyo. Sharti hilo huwekwa baada ya elimu na uzoefu, kabla ya "awe tayari kufanya kazi katika mazingira magumu", na sijaona hata moja iliyosema smatifoni hiyo itajazwa na nani.